Gia ya otomatiki inachelewa, inateleza au inashtuka: pima oili kabla hujanunua giaboksi nyingine

Ukipeleka gari la otomatiki gereji kwa tatizo la gia, jibu mara nyingi huwa fupi: giaboksi imekufa, katafute nyingine. Huenda ni kweli. Lakini kama fundi ametoa hukumu hiyo bila kuchomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), mwambie asubiri kidogo. Ndani ya giaboksi ya otomatiki oili haikai kulainisha vyuma tu. Pampu huisukuma kwa presha, na presha hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani ili gia ishike. Oili hiyo hiyo ndiyo inayopokea nguvu ya injini kwenye toki konveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi), kisha ikabeba joto kulipeleka kwenye rejeta likapozwe. Ikipungua, ikichoka au ikiwa ya aina isiyotakiwa, gari litaonyesha dalili zile zile za giaboksi iliyokufa.

Magari ninayoyazungumzia ni haya yaliyojaa barabarani kwetu: IST, Vitz, Premio, Allion, Noah, X-Trail, Forester, Honda Fit. Mengi yametoka Japani yakiwa yameshatembea, hakuna anayejua oili ya gia ilibadilishwa lini, na kitabu cha gari, kikiwemo, kimeandikwa Kijapani. Kwa hiyo gari lenyewe ndilo la kuulizwa.

Ujue kwanza una giaboksi ya namna gani

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kuna otomatiki ya gia za hatua (4, 5 au 6) na kuna CVT, ambayo haina hatua bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Jina la gari halitoshi kukuambia ipi ni ipi. Allion na Premio za 2001 hadi 2007 zenye injini ya 1.5 na 1.8 ni za gia 4, lakini zile za 2.0 zilikuja na CVT. Toleo lililoanza 2007 likahamia CVT kwa sehemu kubwa hata kwenye injini ndogo. X-Trail ya zamani, T30, ni ya gia 4. Iliyofuata, T31 ya petroli, wengi waliyonayo huku ni CVT. Ukitaka kujua barabarani, kanyaga mafuta kwa utulivu na uangalie mshale wa mizunguko ya injini. Ukipanda, ukashuka ghafla, ukapanda tena, hizo ni gia za hatua. Ukikaa palepale huku mwendo unaongezeka, hiyo ni CVT.

CVT inataka oili yake. Mkanda ule unategemea oili yenye uwezo wa kushika chuma kwa chuma chini ya presha kubwa. Ukitia ATF ya kawaida (oili ya gia za hatua) mkanda utateleza, utachuna uso wa puli, na baada ya hapo hakuna oili itakayorudisha uso huo. Toyota wana TC na FE kwa ajili ya CVT, Nissan wana NS-2 na NS-3, na Honda Fit za mwanzo zilitumia HMMF. Kwa gia za hatua, Toyota za zamani zinataka Type T-IV na za baadaye zinataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Honda za gia za hatua zilitumia Z1, ikaja DW-1 kuchukua nafasi yake. Nissan wana Matic D, J na S.

Habari njema ni kwamba kwenye magari mengi aina ya oili imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Ifute vizuri, isogeze kwenye mwanga, usome. Anayekuambia “haidroliki ni haidroliki tu, ilimradi nyekundu” hajasoma, na giaboksi si yake.

Oili za “magari yote” je? Kwa giaboksi ya gia 4 ya zamani sioni shida, alimradi kopo limetaja kwa jina aina inayotakiwa na gari lako na limetoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Kwa CVT mimi siwezi kushauri. Tofauti ya bei ya makopo mawili ni ndogo mno ukiilinganisha na giaboksi.

Kupima

Gari lenye dipstiki ya gia hupimwa likiwa limepata moto. Endesha kama dakika 15 au 20, simama mahali tambarare, vuta handbreki, acha injini inaunguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila nafasi taratibu, P, R, N, D mpaka L, kila mahali ukitulia kidogo, kisha urudi P. Usizime injini. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Kwenye Toyota utaona alama mbili: COOL na HOT. Hii ya HOT ndiyo ya kuamini, na imekusudiwa oili ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80 hivi. Alama ya COOL ni ya kukadiria tu, hasa unapojaza oili mpya kabla gari halijapata moto.

Honda wana mtindo wao. Gari lipate moto, kisha zima injini, na upime ndani ya sekunde 60 hadi 90. Ukipima Honda injini ikiwa inaunguruma utaona oili imepungua, utaongeza, na utakuwa umejaza kupita kiasi.

Magari mengi ya WS na baadhi ya CVT hayana dipstiki kabisa. Kiwango chake hupimwa kwa kufungua nati iliyo chini ya giaboksi, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote, injini inaunguruma, na joto la oili likisomwa kwa mashine. Kwa Toyota nyingi za namna hiyo joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 35 na 45: oili ikitiririka kwa wembamba halafu ikaanza kudondoka, imetosha. Isipotoka kabisa, imepungua. Kazi hii haifai kukisiwa chini ya mwembe, maana oili hupanuka kwa joto na kosa la nyuzi 20 linabadilisha kiwango.

Wenye Subaru za zamani wana mtihani wa ziada. Forester ya gia 4 ina dipstiki ya injini, dipstiki ya giaboksi, na nyingine ya difu ya mbele, na nati za kumwagia ziko jirani huko chini. Kisa kinachojirudia gereji ni hiki: fundi anataka kumwaga oili ya injini, anafungua nati ya giaboksi, anamwaga, kisha anajaza oili ya injini juu ya ile iliyokuwepo. Gari linatoka gereji injini imefurika na giaboksi haina kitu. Ukifanyiwa sevisi ya kawaida na gari likakataa kuondoka, anza kushuku hapo. Oili ya giaboksi ni nyekundu au hudhurungi na nyepesi. Ya injini utaijua.

Oili inakuambia nini

Oili mpya ya ATF ni nyekundu safi, unaona mwanga kupitia kwake. Kadiri inavyofanya kazi inaelekea hudhurungi, na hilo peke yake si ugonjwa. Iliyoiva mpaka nyeusi na inanuka kuungua ina maana klachi zinateleza na kuchomeka. Usiishie kwenye rangi, inuse. Ukisugua tone kati ya vidole ukahisi chengachenga, ni vipande vya klachi au chuma. Kwa CVT usitegemee wekundu, kwa sababu baadhi ya oili zake hutoka kiwandani zikiwa kijani au rangi nyingine. Huko angalia weusi na harufu.

Pinki iliyochafuka, nzito, isiyopitisha mwanga, ni maji. Yanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni rejeta: kwenye magari mengi bomba la kupozea oili ya gia limepita ndani ya rejeta, likitoboka, kulanti na oili vinachanganyika. Fungua rejeta ikiwa ya baridi uone kama kuna mafuta yanaelea. Ya pili ni mafuriko. Giaboksi ina kitundu cha kupumulia, na ukipita kwenye maji marefu gari likiwa la moto, giaboksi inapoa ghafla na kuvuta maji. Wakazi wa Dar waliowahi kulazimisha Jangwani wakati wa mvua wanalijua. Kwa vyovyote vile, zima gari na usiliendeshe hata kwenda gereji. Maji na kulanti hulegeza gundi inayoshikilia bitana za klachi, na kila kilomita unayoongeza inapunguza uwezekano wa kuiokoa kwa kumwaga oili peke yake.

Dalili moja moja

Unaweka D au R, gari linafikiri kwanza. Kwa Toyota nyingi, kutoka N kwenda D gari linatakiwa kushika ndani ya sekunde 1.2, na kwenda R ndani ya 1.5. Ukihesabu “moja, mbili” kabla halijashika, lina tatizo. Pima kiwango. Kama oili iko sawa, filta huenda imeziba, au sili za ndani zimekakamaa kwa uzee, hali ambayo huonekana zaidi asubuhi na kupotea gari likipata moto. Zingatia kama zote mbili zinachelewa au moja tu. D inashika vizuri na R haishiki kabisa? Oili iliyopungua kwa kawaida haibagui hivyo; hapo klachi au breki ya ndani ya rivasi ina shida, au waya wa mkono wa gia umelegea na hauifikishi nafasi yake. Cheki waya kwanza, ni rahisi.

Injini inapiga kelele, gari haliendi. Mshale wa mizunguko unapanda, mwendo haupandi. Ikitokea mlimani au kwenye kona tu, karibu kila mara oili imepungua: oili inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa. Ikitokea kila mahali na oili inanuka kuungua, klachi zimeisha, na kubadilisha oili kutakupa muda kidogo au kutokukupa kabisa. Bora ujue hivyo kabla ya kutoa pesa. Kumbuka pia oili iliyozidi inaleta dalili hizi hizi: inapigwa na vyuma vinavyozunguka, inatoa povu, na povu halijengi presha. Gari lililoanza kuteleza siku chache baada ya kuongezewa oili lipunguziwe kwanza.

Linashtuka kila linapobadili gia. Hapa watu hukimbilia giaboksi mapema mno. Mauntingi za injini (raba zinazoishikilia) zilizochanika hufanya hata gia nzuri ionekane inagonga. Mwambie mwenzako aweke D na R huku amekanyaga breki, wewe uangalie injini kama inaruka. Troto (mlango wa hewa ya injini) iliyojaa masizi ikipandisha mizunguko gari likiwa limesimama, kuingiza D kutakuwa na kishindo. Vyote viwili vikiwa sawa, ndipo uulize ni oili gani iliwekwa mara ya mwisho. T-IV na WS zikibadilishana nafasi, mara nyingi malalamiko ya kwanza ni haya. Solenoidi (valvu za umeme) za valvu bodi, sehemu inayogawa presha ya oili, zinakuja baada ya hapo.

Linatetemeka ukiwa kwenye mwendo wa 60 hadi 80, umekanyaga mafuta kidogo tu, kama unapita juu ya rasta. Hii ni klachi ya ndani ya toki konveta, ile inayofunga ili injini na giaboksi vizunguke pamoja. Jaribio lake ni zuri: mtetemo ukiwa umeanza, endelea kukanyaga mafuta vilevile na uguse breki kidogo kwa mguu wa kushoto, barabara ikiwa tupu. Kompyuta ikiona breki inafungua klachi hiyo. Mtetemo ukikatika papo hapo, umepata jibu. Ukiendelea, angalia plagi, koili na matairi. Katika dalili zote, hii ndiyo inayopona zaidi kwa oili mpya sahihi, kwa sababu oili iliyochoka hupoteza uwezo wa kuifanya klachi ishike bila kurukaruka. Honda Fit za CVT za mwanzo zina mtetemo wa aina yake, wakati wa kuondoka kutoka kusimama, na nazo tiba ya kwanza ni kubadilisha oili kwa HMMF.

Limeng'ang'ania gia moja. Gari linaondoka kizito, halibadili, na taa ya O/D OFF inawakawaka kwenye Toyota za zamani. Kompyuta imeona hitilafu ikaamua kulinda giaboksi. Usibadilishe oili kwa kubahatisha. Lipimwe kwa mashine. P0700 inasema tu kuna tatizo la gia, tafuta namba inayofuatana nayo. P0715 inaelekeza kwenye sensa ya mzunguko wa kuingia, P0750 kwenye solenoidi A, P0741 kwenye ile klachi ya toki konveta, na P0730 ikimaanisha uwiano wa gia hauendani na inavyotarajiwa, yaani kuna kitu kinateleza. Sensa na waya uliokatika ni nafuu. Fundi anayekusomea namba hiyo kisha akakuambia ununue giaboksi akueleze namba imemfikishaje huko.

Mvumo unaopanda na injini hata gari likiwa P ni pampu inayohangaika, ama kwa oili kidogo ama kwa filta iliyoziba. Mvumo unaofuata mwendo wa magurudumu mara nyingi ni beringi za magurudumu, si pampu.

Madoa chini. Tandika boksi la karatasi usiku. Maji masafi ni ya AC. Nyekundu inaweza kuwa ya giaboksi au ya stelingi, maana stelingi nyingi za haidroliki zinatumia oili ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo angalia doa liko wapi na chombo kipi kimepungua. Penye maungio ya injini na giaboksi ni sili ya mbele, kazi kubwa, giaboksi lazima ishuke. Penye shafti za magurudumu ni sili ndogo. Ukingo wa sampu (beseni la oili chini ya giaboksi) ni gaskiti.

Kubadilisha

Watengenezaji hutofautiana kuhusu kilomita, na baadhi husema oili ya gia ni ya maisha ya gari. Maisha hayo hayakupimwa kwenye foleni ya Kimara wala kwa kupanda Kitonga na abiria saba na mizigo juu. Kwa matumizi yetu mimi naona kilomita 40,000 hadi 60,000 ni sawa, na kwa gari lililoshuka meli bila historia, badilisha mapema.

Jua kwanza kwamba kumwaga hakutoi oili yote. Nyingi imebaki kwenye toki konveta na mabomba. Giaboksi ndogo ya Toyota inaweza kubeba lita 7 na ukimwaga zikatoka 3 tu. Kwa hesabu hiyo, umwagaji wa kwanza unakupa asilimia 43 ya oili mpya, wa pili unafikisha 67, wa tatu 81. Ndiyo maana napendelea kumwaga na kujaza, kuendesha siku kadhaa, kisha kurudia, badala ya mashine za kusukuma oili kwa presha kwenye giaboksi usiyoijua. Mashine hizo si mbaya zote, ila presha inaweza kuhamisha uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu bodi.

Gari liwe vuguvugu, lisiwe la moto wa kuunguza. Jeki peke yake haitoshi, weka stendi. Tafuta nati ya giaboksi, si ya injini wala ya difu. Kwenye Toyota ndogo za kuvuta mbele, injini imekaa upande wa kulia na giaboksi kushoto. Mwagia kwenye chombo chenye vipimo, kwa sababu kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha, kama kiwango cha mwanzo kilikuwa sahihi. Weka washa mpya (pete ya nati).

Ukishusha sampu, angalia sumaku zake. Ujiuji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, chenga za rangi ya shaba au makapi meusi ya bitana ni habari mbaya, na ni afadhali uzipate sasa. Safisha sumaku na uzirudishe mahali pake, badilisha filta na gaskiti. Usiruhusu gaskiti ipakwe silikoni nyingi: inayobanwa kwa ndani hukatika ikaenda kuziba filta mpya uliyolipia. Bolti za sampu ni ndogo, zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Nguvu ya mkono wa kukaza gurudumu itazikata.

Jaza kupitia tundu la dipstiki kwa faneli nyembamba safi, washa, pitisha gia zote, pima kwenye COOL, endesha, pima tena kwenye HOT. Ongeza robo lita kwa wakati. Kuongeza ni rahisi. Kupunguza ni kulala chini tena.

Na ile imani kwamba oili ya zamani isiguswe, ukiigusa giaboksi inakufa? Imetoka kwenye matukio ya kweli yaliyosomwa kinyume. Watu wengi hukumbuka oili baada ya gari kuanza kuteleza. Klachi zimeshaisha, zinashikilia kwa msaada wa unga wa bitana uliochanganyika na oili chafu. Unaondoa unga, zinaachia. Oili mpya imelaumiwa kwa ugonjwa ulioikuta. Kama gari lako linabadili gia vizuri na oili ni hudhurungi isiyonuka, badilisha bila hofu. Kama ni nyeusi, inanuka na linateleza, jadiliana na fundi kuhusu kufungua giaboksi, na uache kununua oili ya gharama ukitarajia muujiza.

Likikataa kabisa njiani, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayosukuma gari yakiwa chini. Injini ikiwa imezima pampu haizunguki, na vyuma vya ndani vinazunguka bila oili. Gari la kuvuta mbele linyanyuliwe mbele; Subaru na nyingine za magurudumu manne zipakiwe mzimamzima.